Kutoka Tisa Hadi Moja: Medali za Vita Katika Nchi ya Majani Chai

Kwanza sheria, ili tusigombane njiani kati ya Litein na Kapkatet. Orodha hii haikupangwa kwa bei. Bei ya medali hupangwa kwenye minada ya London, na mnada hauulizi kama mwenye medali alirudi nyumbani akakuta shamba lake lipo au limekwenda. Hapa medali inapanda ngazi kwa swali moja tu: inatueleza nini juu ya ardhi hii, kuanzia Londiani hadi Sotik, na juu ya watu wake? Anayetafuta medali ya kumtajirisha amepanda matatu ya njia nyingine. Ashuke hapo stendi ya Kericho, hatutamdai nauli.

Sheria ya pili: tunazungumzia medali za vita, si za ushujaa. Ya ushujaa hupewa mtu kwa alichotenda siku moja ya hatari. Ya vita hupewa kila aliyekuwepo: mpiga bunduki, mpishi, dereva, mbeba mizigo ya daktari. Jenerali na kuruta huvaa utepe ule ule. Ndiyo maana nazipenda. Kazi ya mkusanyaji ni kujua nani alikuwepo, alipelekwa na nani, na mtu aliyesimama mbele ya bunduki yake alikuwa nani.

Sheria ya tatu: gogo, yaani bibi, akisema mkebe wa biskuti anamohifadhi medali haufunguliwi leo, haufunguliwi leo. Kunywa mursik, shukuru, rudi wiki ijayo.

9. Medali ya bandia

Tumuondoe mapema, maana huyu hupenda kukaa viti vya mbele. Bandia nyingi hutengenezwa kwa kumimina madini ndani ya chapa iliyochukuliwa kutoka medali halisi, kwa hiyo herufi zake zina uvimbe, nywele za mfalme zimeshikana, na ukingoni kuna alama za tupa. Medali halisi hupigwa kwa chapa ya chuma: mistari yake ni mikali, hata ikiwa imechakaa kwa kuvaliwa.

Bandia ya aina nyingine ni ya kujipa. Idi Amin, aliyeingia Keya (jeshi la King's African Rifles, K.A.R.) mwaka 1946 na baadaye kutumikia hapa Kenya wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, alipokuwa rais wa Uganda alijiongezea nishani za kujipa mwenyewe, pamoja na herufi za V.C., kama za Msalaba wa Victoria, baada ya jina. Kifua kilijaa, historia haikuongezeka hata mstari mmoja. Ukiuziwa ya namna hiyo, iweke kwenye droo ya vijiko.

8. Medali ya buluu ya Umoja wa Mataifa

Hii ina sifa moja inayozishinda zote zitakazofuata: wenyewe wapo. Unaweza kumkuta sokoni Silibwet akibishana bei ya viazi. Wanajeshi wa Kenya walikwenda Namibia mwaka 1989 kusimamia safari ya uhuru, wakaenda Kroatia miaka ya 1990 chini ya kikosi cha UNPROFOR, kisha Sierra Leone, ambako Jenerali Daniel Opande aliongoza kikosi kizima cha Umoja wa Mataifa. Kwa misheni nyingi, medali hutolewa baada ya siku 90 za utumishi, na rangi za utepe hubadilika kulingana na nchi. Mbele ni nembo ya dunia na matawi ya mizeituni, nyuma ni maneno ya utumishi wa amani. Jina la askari halimo.

Kwa hiyo muulize mwenyewe, leo, akiwa bado ana sauti na hasira zake. Alilala wapi? Alikula nini baridi ya Kroatia ilipofika? Ukingoja hadi awe picha ukutani, utabaki kumuuliza shemeji yake, na shemeji ana toleo lake.

7. Medali ya Afrika Mashariki na Kati, 1897 hadi 1899

Panda kutoka Kericho hadi Londiani, kisha endelea kaskazini hadi Eldama Ravine. Hapo mwaka 1897 askari wa Kisudani waliokuwa wakitumikia Waingereza waligoma. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, mshahara wao ulikuwa mdogo na wa kuchelewa, na sasa walitakiwa waondoke tena, chini ya Meja Macdonald, bila familia zao. Mgomo ukageuka uasi. Wakashika njia ya Busoga, wakaingia ngome ya Lubwa, na vita vikaendelea hadi mwaka uliofuata. Waliozima uasi huo walipata medali ya fedha yenye sura ya Malkia Victoria, utepe nusu manjano nusu nyekundu, na bamba dogo lililoandikwa LUBWA'S.

Wakati huo Kericho yenyewe ilihesabiwa kuwa Uganda. Mpaka ulisogezwa mwaka 1902. Basi mtu wa Kipkelion akikuambia bamba la UGANDA la medali hii halimhusu, mwambie babu ya babu yake alikuwa Mganda kwa karatasi bila kuulizwa na bila kuhama.

6. Medali ya Vita, 1939 hadi 1945

Hii ndiyo utakayoikuta kwanza, maana karibu kila askari wa vita vile aliyetimiza siku 28 alipewa. Ni nzito, ya shaba iliyochanganywa na nikeli, si fedha. Sonara wa Kericho atakurudishia mkononi. Nyuma yake simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Watoto huipenda kuliko zote, na wana haki. Lakini ukingo wake uko wazi, hauna jina. Nitarudi kwenye jambo hilo, maana linaniumiza.

5. Nyota ya Afrika

Sasa tunaanza kutembea. Wakati Italia ilipoingia vitani Juni 1940, mpaka wa kaskazini wa Kenya ukawa mstari wa mbele. Mwaka 1941 majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yalitoka Kenya, yakaingia Mogadishu mwezi Februari na Addis Ababa tarehe 6 Aprili, na Waitaliano wa mwisho wakasalimu amri Gondar mwezi Novemba. Askari wa Keya walikuwa humo mwanzo hadi mwisho. Mmoja wao, Sajini Nigel Leakey wa Batalioni ya 1/6, alipanda juu ya vifaru vya adui huko Colito tarehe 19 Mei 1941, akafa hapo, na akapewa Msalaba wa Victoria. Jina lake linajulikana. Askari Waafrika waliokuwa pamoja naye siku ile hawajulikani hivyo.

Utepe wa nyota hii una rangi ya mchanga, ukiwa na mstari mwekundu katikati na miwili ya buluu pembeni, buluu nzito na buluu nyepesi. Wazungu wengi walioupata waliupata kwa Misri na Libya. Wetu waliupata kwa Somalia na Ethiopia. Nyota ni ile ile, jangwa ni tofauti. Mkusanyaji wa Ulaya akiona Nyota ya Afrika hufikiria Tobruk. Wewe wa Bomet ukiiona, anza na barabara ya Garissa.

4. Nyota ya Burma

Hapa naomba uketi.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa kwanza Ceylon, ambayo siku hizi ni Sri Lanka, kisha mwaka 1944 ikaingia Burma. Kazi iliyopewa ilikuwa kuwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika. Wengine walilikwepa bonde hilo kwa malaria na homa ya vichakani iliyoletwa na utitiri. Waafrika wa Mashariki walilipita kwa miguu, barabara ikiyeyuka chini ya magari, hadi Kalewa, na Desemba 1944 mto Chindwin ukavukwa. Mtu aliyekulia Kericho, ambako mvua ya alasiri huja karibu kila siku kama karani anayeripoti kazini, aliijua mvua. Hakuijua ile ya Kabaw, ambayo haikutoka kazini kabisa.

Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyoondoka Mombasa kuelekea Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Ziko familia za Kenya ambazo habari za mtoto wao zilikomea bandarini Mombasa.

Nyota yenyewe ina ncha sita, ya madini ya manjano, na utepe wake una mstari mpana mwekundu katikati na buluu nzito pande mbili, kila buluu ikiwa na mstari mwembamba wa machungwa katikati yake. Ukiikuta kwenye mkebe, angalia utepe kwanza. Upande uliofichwa na kipini cha nyuma utakuwa bado na rangi yake ya kiwandani. Upande wa mbele umekuwa kijivu kwa moshi wa jikoni na jua la sherehe za serikali. Usiubadilishe. Kuna watu huuza utepe mpya unaong'aa, na wako tayari kukufungia bure. Kataa kwa adabu. Mzee aliuvaa huo.

Waruhiu Itote, aliyekuja kuitwa Jenerali China wa Mau Mau msituni Mlima Kenya, alipigana Burma akiwa askari wa Keya. Aliona Mzungu anapigwa risasi na kufa kama mtu yeyote, na somo hilo alirudi nalo nyumbani. Nyota ya Burma ilifundisha wengi hesabu ambayo gavana hakuiweka kwenye mtaala.

Na sasa lile linaloniumiza. Medali za Vita vya Pili zilizotolewa na Uingereza hazikuandikwa majina. Australia iliandika za askari wake, Afrika Kusini iliandika. Uingereza haikuandika, si za Wazungu wake wala za Waafrika. Kwa hiyo Nyota ya Burma ikitengana na cheti cha kuachishwa jeshi, inageuka kipande cha chuma kisicho na mtu. Mzungu ana kumbukumbu za kikosi, picha za gazeti na kitabu cha kanisa cha kumrudishia jina lake. Askari wa Longisa ana ile karatasi moja. Ikiliwa na mchwa, basi.

Mapumziko: chai, halafu mambo ya usafi

Kabla ya tatu bora, tusimame kidogo kwa sababu ya balaa moja liitwalo Brasso, dawa ya kung'arishia vyuma.

Najua nia ni njema. Sherehe inakuja, mjukuu anataka medali ya babu ing'ae, na Brasso iko dukani. Lakini kila usuguapo unaondoa chembe ya madini, na chembe zinazoondoka kwanza ni zile za juu: pua ya mfalme, na herufi za ukingoni. Medali za fedha za kabla ya 1920 karibu zote zina maandishi ukingoni, na hayo ndiyo roho yake. Iinamishe dirishani, uzungushe taratibu kwa lenzi. Utaona nambari, kisha cheo kwa kifupi, kisha jina, kisha K.A.R. Karani aliyeandika hakuwa anajua Kikipsigis, kwa hiyo "arap" (mwana wa) huja kwa sura nyingi, na jina la babu yako linaweza kuwa limekatwa mkia. Lisome kwa sauti. Mara nyingi sikio hulitambua kabla ya jicho.

Weusi wa fedha ni koti lake, uache. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba. Waya wa kusugulia sufuria ubaki na sufuria.

Jambo la pili: usizitenganishe. Medali nne za mtu mmoja zilizoshonwa pamoja ni maisha. Zikiuzwa moja moja ni vyuma vinne. Jambo la tatu: ukialikwa kwenye kumbukumbu za Novemba za waliokufa vitani na unataka kuvaa za babu, zivae kifua cha kulia. Kushoto ni kwa aliyezipata mwenyewe. Mzee mmoja akikuona umezivaa kushoto atakuuliza ulikuwa batalioni gani, na huna jibu.

Na jambo la sheria, kwa wale wanaodhani Makavazi ya Taifa yatawapokonya. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Medali zote za orodha hii ni changa kuliko hapo. Ni mali yako. Maana yake ni kwamba hakuna atakayezizuia zisiende London isipokuwa wewe.

Chai imeisha? Twende.

3. Medali ya Afrika yenye bamba la KENYA, 1952 hadi 1956

Medali ya Utumishi wa Afrika ilianza mwaka 1902 na ilitolewa kwa zaidi ya nusu karne kwa kubadilisha bamba tu: yalikuwa 45 kwa jumla. Mfalme Edward, kisha George, kisha Malkia Elizabeth. Nyuma ni Britania amesimama na mkuki wa ncha tatu, simba pembeni yake, jua linachomoza, na neno AFRICA chini. Utepe ni manjano, pembe nyeusi, na nyuzi mbili za kijani katikati. Bamba la mwisho kabisa la ukoo huo mrefu linasema KENYA, kwa utumishi kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Vita hivyo ni vya Mau Mau.

Waingereza walipenda kuandikisha Wakalenjin na Wakamba katika Keya na polisi, kwa nadharia yao ya makabila ya kivita. Kwa hiyo medali hii ipo katika nyumba za Kericho na Bomet, ina jina ukingoni, na mara nyingi imefichwa chini kabisa ya mkebe. Ng'ambo ya pili, Nyeri na Murang'a, ziko nyumba zenye makovu yasiyo na medali. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya kambi za kizuizini na kukubali kuwalipa watu 5,228 pauni milioni 19.9. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa Uhuru Park mwaka 2015.

Nimesikia watu wakisema medali hii itupwe. Nakataa kwa nguvu zangu zote. Kijana wa miaka 19 aliyetoka Chepalungu kutafuta mshahara hakuandika sheria za Hali ya Hatari, na mjukuu wake ana haki ya kujua alikuwa wapi mwaka 1954. Mjukuu wa aliyefungwa kambi ya Manyani naye ana haki hiyo hiyo. Ukiitupa, wote wawili wanapoteza shahidi. Iwekwe mezani, na wajukuu wote wawili waalikwe. Chai itakuwepo, hapa hatujawahi kukosa chai.

2. Medali tatu za Vita Vikuu, na ekari 25,000

Nyota ya 1914-15 ya shaba, Medali ya Vita ya Uingereza ya fedha, na Medali ya Ushindi yenye malaika na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Waingereza huziita Pip, Squeak na Wilfred, majina ya mbwa, ndege na sungura wa katuni za gazeti. Ni majina matamu kwa medali za vita vilivyoua watu wengi kiasi kile.

Vita vilifika karibu na hapa mapema. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, kukapiganwa nje ya mji. Kisha kampeni ikasogea kusini, ikaila Afrika Mashariki yote kwa miaka minne. Bunduki zilibebwa na askari. Kila kitu kingine kilibebwa na vichwa vya watu. Kikosi cha wachukuzi, Kariakor, kilizoa wanaume kutoka karibu kila wilaya, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Wengi wa waliobaki hawakupata medali, na mishahara ya wengi waliokufa haikufika nyumbani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina, au hawakuwekewa kabisa.

Lakini kilichozipandisha medali hizi hadi nafasi ya pili ni ardhi. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba maafisa na askari Wazungu waliotoka vitani. Maafisa waliolemaa waliunda ushirika ulioitwa kwa kifupi BEADOC, wakapewa ekari 25,000 hapa Kericho, ardhi ya Wakipsigis, wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na miaka michache tu baadaye ushirika ukafa. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 ilikuwa inaingia mikononi mwa Brooke Bond na kampuni ya James Finlay, na majani chai yakapandwa. Yale mabustani ya kijani unayopiga picha ukitoka mjini, chimbuko lake ni malipo ya vita.

Sasa weka Medali mbili za Vita za Uingereza mezani. Ya kwanza ina jina la Kapteni ukingoni. Ya pili ina jina la askari wa Keya. Fedha ni ile ile, farasi wa nyuma ni yule yule, uzito ule ule. Kapteni alipata medali na shamba. Askari alipata medali, akarudi akaambiwa amekuwa skwota kando ya shamba la Kapteni. Hakuna kitabu kinachofundisha historia ya Kericho haraka kuliko vyuma hivi viwili vikiwa bega kwa bega, na anayekusanya upande mmoja tu amenunua kiatu cha kushoto.

Mwaka 1980, bei ya fedha ilipopanda duniani, Medali za Vita za Uingereza zisizohesabika ziliyeyushwa, kwa sababu thamani ya madini ilizidi thamani ya medali. Mnunuzi wa vyuma chakavu bado hupita na mizani yake vijijini. Akija, mpe sufuria zilizotoboka. Ana kazi halali na sufuria zitamtosha.

1. Medali ya Afrika, bamba la EAST AFRICA 1905, na dada yake NANDI 1905-06

Hii ndiyo. Fedha, kichwa cha Mfalme Edward wa Saba akiwa na sare, utepe manjano na nyeusi na kijani. Sijaona medali ndogo yenye uzito mkubwa kuliko hii katika nchi yetu.

Dada anajulikana zaidi, tuanze naye. Bamba la NANDI 1905-06 lilitolewa kwa waliokuwa katika kampeni ya kuvunja upinzani wa Wanandi dhidi ya reli na utawala wa Waingereza. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wao, alikwenda kukutana na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya amani. Meinertzhagen alimpiga risasi. Wanandi zaidi ya 1,000 waliuawa katika kampeni hiyo, mifugo yao ikachukuliwa kwa maelfu, na ardhi yao ikakatwa. Fimbo za uongozi za Koitalel zilikaa Uingereza karne nzima hadi ziliporudishwa mwaka 2006. Ndugu yake Kipchomber arap Koilegen alikuwa kiongozi hapa kwa Wakipsigis; mwaka 1914 yeye na ndugu zake walihamishwa kwa nguvu kwenda nchi ya Wakikuyu. Na mwaka 1934 ukoo wao mzima, wa Talai, ulitungiwa sheria yake peke yake, ukaondolewa Kericho, ukatupwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria.

Bamba la EAST AFRICA 1905 halisemi mahali. Hapo ndipo ujanja wake ulipo. NANDI inajitaja, hili linasema Afrika Mashariki tu, na mtazamaji anapita. Lakini ni Sotik. Mwaka huo jeshi liliongozwa na Meja Richard Pope-Hennessy kuingia Sotik, baada ya Wasotik kuvamia mifugo ya Wamaasai na kukataa kuirudisha. Malalamiko ambayo Wakipsigis na Watalai waliyafikisha Umoja wa Mataifa mwaka 2019 yanataja waliouawa zaidi ya 1,800, wanawake na watoto wakiwemo. Watu zaidi ya 100,000 walijiorodhesha katika madai hayo, na Paul Chepkwony, aliyekuwa Gavana wa Kericho, alikuwa mstari wa mbele kuyasukuma. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kwamba Uingereza haijawajibika. Mwaka 2022 kesi ikapelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwaka 2023 alizungumza juu ya huzuni na majuto kwa ukatili wa ukoloni.

Waliopata bamba hili ni wachache, ndiyo maana ni adimu, na ndiyo maana likitokea mnadani hununuliwa kwa ugomvi. Orodha rasmi za waliopewa zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew. Majina ya waliopewa yaliandikwa mara mbili, kwenye karatasi na kwenye fedha. Majina ya waliouawa Sotik hayakuandikwa popote na serikali ile. Yamo katika koo, katika hadithi za nyumba kwa nyumba kuanzia Ndanai hadi Kaplong.

Nataka medali hii inunuliwe, iletwe nyumbani. Kuna rafiki zangu wanaokusanya ambao huniambia ni kumpa heshima muuaji. Nawaelewa, na hatujamaliza kubishana. Tulianza na chai ya maziwa, tukaisha na ya rangi. Jibu langu ni hili: kwa miaka zaidi ya mia moja serikali mbili zimeweza kusema kwamba mambo ya Sotik ni masimulizi ya wazee. Medali ni risiti. Mfalme alilipa, kwa fedha halisi, kwa kazi iliyofanywa mahali fulani mwaka fulani, na akaandika jina la mfanyakazi ukingoni. Hakuna masimulizi hapo.

Iwekwe Kericho au Bomet, sibishani juu ya kaunti, mradi kabati liwe na kufuli na taa nzuri, na pembeni kuwe na meza na daftari ambapo familia zitaandika majina ya watu wao kwa mkono wao wenyewe. Kibandiko kiwe kwa Kikipsigis, Kiswahili na Kiingereza, na neno Sotik litangulie jina la batalioni.